Jina Lake Likitokea

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani. Tangu afiwe na mumewe, kila Ijumaa alituma pesa kidogo kwenye namba ya marehemu, ili tu jina lake litokee kwenye simu kabla ya kuthibitisha.

"Nikiliona, naona kama ameniitikia," aliniambia.

Ijumaa moja jioni umeme ulikatika akiwa peke yake kibandani. Akatuma gizani, na papo hapo simu ikaita. Ilikuwa huduma kwa wateja.

"Dada, muamala wako umezuiwa. Huyu mpokeaji ni nani yako?"

"Mume wangu. Amefariki. Nakuomba kaka, msinifungie, nitakosa pa kumwona."

Rafiki yangu akasikia vidole vya mhudumu vikibonyeza kompyuta, kisha pumzi.

"Pole sana, dada. Lakini si sisi tuliotaka uzuiwe. Ni mpokeaji mwenyewe."

"Laini yake niliikata kwa mkasi, kaka!"

"Ameomba leo, na sababu ameiandika. Nikusomee?"

Mhudumu akasoma bila kungoja:

"Mwambieni mama watoto asitume tena. Huku hakuna duka."