Kizuri, Tunashukuru

Asubuhi ile stendi ya Lindi ilijaa abiria wa Milola na Nyangamara. Abdulrahmani, shati jeupe limenyooshwa pasi, alirudi nyuma kukwepa bodaboda, akaigonga meza ya vitumbua. Vitatu vikaanguka mchangani.

"Kaka, hivyo umeshanunua," alisema Batuli. Ushungi wake wa manjano ulilowa jasho la jikoni.

"Na vya kula?"

"Vya kula vina foleni."

Akacheka. Ndipo Abdulrahmani alipoona juu ya kiwiko cha Batuli kifaa cheupe cha kubandika, kinachopima sukari mwilini na kuliza simu sukari ikishuka. Alikuja mjini kwa ajili ya kifaa hicho. Wagonjwa arobaini walikuwa wamepewa, naye alitumwa kuwauliza kama kinafaa, ili kamati ya hospitali iamue kukinunua au kukiacha.

"Mgonjwa wa sukari unauza vitumbua?"

"Nauza, sili. Mvuvi naye hali nyavu."

Kila wiki alikuja na fomu.

"Kifaa kikoje?"

"Kizuri, tunashukuru."

Wale thelathini na tisa nao walijibu hivyo hivyo. Kwao, alicholeta mgeni hakitiwi kasoro mbele yake. Batuli alikuwa na sababu nyingine: alianza kumngoja mgeni mwenyewe. Jioni walipigiana simu bila kuchoka.

"Umekula, laazizi?"

"Nimeshiba maswali yako."

Mwezi wa tatu Abdulrahmani alikwenda kumwamkia mama yake Batuli, Bi Hafsa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Bi Hafsa akamletea kopo kwa heshima zote. "Vitu vyako hivi, hatujatupa hata kimoja. Jasho la jikoni tu, havishiki."

Ndani mlikuwa na vifaa sita vilivyobanduka.

"Batuli, nimeandika uongo miezi mitatu!"

"Ulitaka nikuaibishe mbele ya wakubwa wako?"

"Nilitaka ukweli."

"Kumbe ulikuwa unakuja kwa ajili ya fomu!"

Abdulrahmani akaondoka bila kuaga. Siku tisa hakuna aliyempigia mwenzake.

Siku ya kumi alipiga Bi Hafsa, analia. Kifaa kilikuwa kimebanduka alfajiri. Sukari ilishuka, simu haikulia, Batuli akaangukia mafuta ya moto.

Wodini Batuli alikuwa amefungwa bandeji kifuani mpaka shingoni.

"Nisamehe," alisema Abdulrahmani.

"Tusameheane. Kikao cha kamati lini?"

"Leo, saa nne."

"Nipigie. Nitasema mwenyewe."

Saa nne simu iliwekwa katikati ya meza ya kamati, wagonjwa wameketi kando ya ukuta.

"Mimi Batuli binti Shaaban, muuza vitumbua. Kifaa kinamfaa anayekaa kivulini. Sisi tunatoka jasho. Kitafutieni mkanda. Na mkitaka ukweli, msimtume mtu tunayempenda."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akainua mkono polepole. "Hata changu kilibanduka." Akafuata mwingine, na mwingine.

Abdulrahmani akatoka nje na simu. "Ijumaa namleta mshenga."

"Mwambie asile vitumbua vya watu njiani. Vyangu vipo."

Majeraha ya moto yalimshinda Batuli. Ijumaa ilipofika, mshenga alikuja na kanzu ileile aliyoiandaa kwa posa, akasimama safu ya mbele kuswalia jeneza lake.

Mwaka uliofuata vifaa vililetwa na mkanda. Abdulrahmani bado anazunguka na fomu. Mgonjwa akimwambia "kizuri, tunashukuru," huweka kalamu chini, akasubiri.