Kiboko Aliyeachwa na Risasi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Libérate alipita kwanza shambani. Umande ulimlowesha miguu, naye alitembea haraka kwa sababu alitaka kujua kiboko amebakiza nini.

Shamba lao lilikuwa katikati ya kijiji na mto Ruzizi, chini kidogo ya Mutarule. Kipande cha mwisho, karibu na matete, kilikuwa chake mwenyewe. Mama yake, Félicité, alimpa kipande hicho familia iliporudi kutoka Burundi, baada ya vita vya uasi kutulia. "Sasa umekuwa mkubwa," mama alimwambia. "Lima, panda, palilia. Kitakachotoka humo ni chako."

Libérate alilima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mahindi yaliota vizuri, yakampita kimo. Ndipo kiboko akaanza kuja.

Alitoka mtoni gizani, akala, akakanyaga, akarudi majini jua likikaribia kuchomoza. Baba yake Libérate, Herménégilde, aliwasha moto pembeni mwa shamba, kiboko akazunguka upande wa pili. Walipiga madebe. Mara ya kwanza alikimbia, lakini baadaye aliendelea kula tu huku madebe yakilia. Walisimika miti, akaivunja. Asubuhi moja Libérate alikuta mstari mzima wa mahindi umelala chini, na katikati ya mabua yaliyosagika kulikuwa na nyayo pana zilizojaa maji. Alitupa jembe chini. Hakulia. Alikuwa amechoka hata kulia.

Jioni alimwendea mjomba wake Nyandwi, mdogo wake mama, aliyekaa nyumba ya jirani.

"Mjomba, minye nimechoka na huyu kiboko," alisema. "Na weye uko na bunduki."

Nyandwi aliangalia barabarani kwanza, kisha akamvuta ndani. Wakati wa uasi alikuwa ameokota bunduki porini, iliyotupwa na watu waliokuwa wakikimbia. Aliificha kwenye paa la nyasi. Askari walikuwa bado wakipita vijijini kutafuta silaha, na mtu aliyekutwa nayo alipigwa na kufungwa.

"Nani alikuambia?"

"Nilikuona ukiisafisha."

"Basi sikia. Ukifungua mdomo, askari watanichukua, na baba yako pia watamchukua."

"Sitasema. Lakini mahindi yangu, mjomba?"

Nyandwi alifikiri kidogo, kisha akatabasamu. Tangu waliporudi, hakuna mtu aliyekuwa amemsifu kwa lolote. "Nionyeshe njia anayopita," alisema. "Risasi iko moja. Itatosha."

Kulipopambazuka walijilaza nyuma ya kichuguu. Kiboko alitoka kwenye mahindi akirudi mtoni, polepole, tumbo lake likikaribia kugusa ardhi. Libérate hakuwahi kumwona karibu namna ile. Alitamani kumwambia mjomba wake aache, lakini bunduki ilikuwa imeshalia. Kiboko alitikisa kichwa kwa nguvu, akajizungusha palepale, akapenya kwenye matete. Matete yalitikisika kwa muda, kisha yakatulia. Kwenye majani palibaki damu.

"Hatumfuati?" Libérate alinong'ona.

"Nani anamfuata kiboko ndani ya matete? Na risasi imekwisha. Atakufa mwenyewe."

"Asipokufa?"

"Atakufa. Funga mdomo, nenda shule."

Kijijini watu walisikia mlio ule, lakini miaka ile milio ya bunduki haikuwa kitu kigeni. Walifunga milango, na hakuna aliyeuliza.

Siku zilizofuata shamba halikuguswa. "Nilikuambia nini?" Nyandwi alisema kwa majivuno. Libérate alifurahi, akapanda upya sehemu iliyoharibiwa. Lakini alasiri moja, akipita karibu na matete, alisikia mkoromo mzito, kama wa mtu anayeumwa. Alimkimbilia mjomba wake.

"Hajafa. Yuko palepale."

"Huo ni upepo."

Kesho yake alirudi tena kumwambia. Nyandwi alimfukuza kama kuku. Alitaka kumwambia baba, lakini kila alipomtazama aliona akilini mikono yake imefungwa kamba na askari wanamsukuma mbele. Akanyamaza.

Halafu ikatokea ajali. Modeste, mvuvi wa kijiji, alikuwa akitega nyavu mchana kweupe karibu na ukingo. Kiboko alitokea chini ya mtumbwi, akaupindua, akambamiza Modeste kwenye mawe hadi mfupa wa paja ukavunjika. Watu walimtoa majini akipiga kelele, wakampeleka kwenye zahanati wakimbeba kwa kipoyi, machela ya miti.

Kijiji kizima kilishangaa. Tangu zamani waliishi na viboko, kila mmoja akishika upande wake. Kwa nini huyu amemvamia mtu mchana, bila kuchokozwa? Hakuna aliyejua. Wanawake wakakubaliana kuacha kuteka maji pale Modeste alipoumia. Wangekwenda upande wa juu, kwenye ghuba ndogo penye matete, karibu na shamba la akina Libérate.

Libérate aliposikia hivyo, alijua wamekosea. Modeste aliumia pale chini, lakini mkoromo ule aliusikia kule juu. Kila alipomaliza kuzunguka, kiboko alirudi kujificha kwenye matete yale.

"Mama, tusiende kule," alisema asubuhi, mtungi ukiwa mkononi.

"Kwa nini?"

"Kiboko yuko kule."

"Kiboko yuko chini, alipomvunja Modeste. Kule juu nani amemwona? Weye unatafuta njia ya kukwepa kazi. Shika mtungi."

Libérate aliuweka mtungi chini, akakimbilia kwa Nyandwi. Alimkuta akinoa panga.

"Mjomba, wanawake wanakwenda kwenye matete. Waambie wasiende."

"Wataniuliza nimejuaje."

"Waambie tu."

"Niwaambie nina bunduki? Unataka nikafie jela? Toka hapa."

Libérate alitoka uani kwa hasira. Mama alikuwa na jibu, mjomba alikuwa na jibu, na hakuna aliyemsikiliza. Njiani wanawake walikuwa wameshaanza kuteremka. Mbele alitangulia Candide, mke wa jirani, mtoto wake mchanga amelala mgongoni. Libérate aliwapita mbio, akasimama katikati ya njia.

"Msipite."

"Huyu mtoto ana nini leo?" Félicité alimshika mkono na kumvuta kando.

"Mjomba alimpiga kiboko risasi," Libérate alisema. "Minye ndiye niliyemwonyesha njia. Hakufa. Ana jeraha, amejificha ndani ya matete yale. Nilimsikia."

Candide alitua mtungi wake taratibu, akamgeuza mtoto na kumkumbatia kifuani. Kisha wote wakarudi nyumbani.

Kapita wa kijiji, yaani mkuu wake, Onesphore, hakugomba. Alimwita Nyandwi, akatuma mtu Mutarule kumwita mzee Sévère. Kabla ya uhuru mzee huyu alikuwa mlinzi wa wanyama wa serikali, na bado alikuwa na bunduki yenye kibali.

"Ulimpiga wapi?" Sévère alimuuliza Nyandwi.

"Kichwani."

"Kichwani wapi?"

Nyandwi hakujua.

"Ulimpiga mnyama mkubwa kiasi kile kwa risasi moja, ukaenda kulala," mzee alisema. "Leo utakwenda nami. Utatangulia kunionyesha damu ilipoingilia."

Watu walikatazwa kusogea mtoni. Nyandwi na Sévère walikaa juu ya mti tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kushuka, ndipo kiboko alipotoka kwenye matope. Risasi zilisikika mara mbili, kisha kukawa kimya. Nyandwi aliporudi, alikaa chini mbele ya nyumba yake.

Libérate alikwenda na baba yake kumtazama yule mnyama. Alikuwa amekonda, mbavu zinaonekana. Taya lake la chini lilikuwa limevunjika na kuoza, na ulimi umevimba.

"Alikuwa hawezi kutafuna," Sévère alisema. "Ndiyo maana hakurudi kwenye mahindi yenu. Alikuwa anakufa kwa njaa, na maumivu yakamtia wazimu."

Libérate aligeuza uso. Siku zile zote alizofurahia shamba kutoguswa, kumbe mnyama alikuwa amelala pale bila kula.

Kesho yake kapita aliipeleka ile bunduki ya kuokota kwenye kituo cha askari, Nyandwi akiwa pamoja naye. Walimfunga kwa majuma kadhaa. Alipoachiliwa, wazee waliamua alime shamba la Modeste mpaka mguu wake upone, naye akalilima bila kubisha. Baba yake Libérate hawakumgusa.

Kabla ya kurudi Mutarule, Sévère alizunguka shamba lao lote. Alisimama kwenye kipande cha Libérate, akaonyesha mtaro mpana uliotoka mtoni na kupotea katikati ya mahindi.

"Hii ni njia ya viboko," alisema. "Mlipokimbilia Burundi, hapa pakawa majani, wakapazoea. Mliporudi mkapanda juu ya njia yao. Mkiua huyu, atakuja mwingine. Waachieni njia, na mchimbe handaki kulinda shamba lililobaki."

"Lakini hiki ni kipande changu," Libérate alisema. "Nimekilima mwenyewe."

"Najua, mwanangu. Inauma."

Herménégilde aliahidi kumpa kipande kingine karibu na barabara, mbali na maji. Libérate aliitika, lakini bado moyo ulimuuma. Alichukua jembe na kuanza kuchimba handaki pamoja na baba yake. Mzee Sévère aliketi ukingoni akawatazama, kisha akamwita karibu.

"Sikulaumu kwa kumkasirikia kiboko," alisema. "Mtu anayelala njaa ana haki ya kukasirika, na kuna siku mnyama lazima auawe. Lakini kuua mnyama hatari ni kazi ya mtu anayejua, mwenye ruhusa, anayeweza kuimaliza. Ukimjeruhi ukamwacha, unamtesa yeye, na unawaachia hatari watu ambao hawajui lolote. Na ukishindwa kuimaliza, waambie watu siku hiyohiyo, hata kama utaadhibiwa. Mjomba wako aliogopa jela, Modeste akavunjika mguu. Weye pia ulichelewa. Lakini ulisema kabla Candide hajafika majini, na kwa sababu hiyo yeye na mtoto wake wako hai. Siku nyingine usingoje."

"Nimesikia, mzee," Libérate alisema.

Kisha akarudi kwenye handaki, kwa maana lilikuwa bado halijafika hata magotini.