Mche wa Kahawa wa Ghorofa ya Nne

"Toa mkono kwenye hilo kopo, kaka."

"Toa wewe, dada. Mimi nimelishika kwanza."

"Wewe umelitazama. Aliyelishika ni mimi."

Wauza miche wa barabara ya Shiro Meda, mjini Addis, wamezoea watu wanaobishania bei, lakini hawa wawili hawakuwa wamefika hata kwenye bei. Katikati yao palikuwa na kopo la bati lililotobolewa chini, na ndani yake mche wa kahawa wenye majani machache yaliyong'aa kama yamepakwa mafuta. Mawaridi yalikuwa tele pale, na mikaratusi michanga ungeweza kubeba ya kutosha shamba zima. Mche wa kahawa ulikuwa huo mmoja tu.

Rediet alikuwa ametoka dukani kwake kutafuta chakula cha mchana. Anashona magauni meupe ya pamba, yale ya harusi na sikukuu, na siku hiyo alivaa moja lenye taraza ya kijani, huku sindano zikiwa bado zimechomekwa kifuani. Mwanamume alivaa ovaroli la buluu lenye grisi magotini. Alikuwa na kope ndefu ambazo baadaye Rediet aliapa kwamba siku hiyo hakuziona.

"Utaupeleka wapi?" mwanamume aliuliza.

"Kwangu. Utakaa dirishani upate jua."

"Jua la mchana?" Akashika kichwa. "Bwana, usimuuzie huyu! Anataka kuukaanga kabla haujazaa."

"Na wewe utauweka wapi? Mfukoni mwa ovaroli?"

"Mimi nimezaliwa Bonga, dada. Kwetu Kaffa kahawa inaota msituni, chini ya miti mikubwa. Hii ni mtoto wa kivuli. Ukiipa jua kali majani yanapauka, yanakuwa kama karatasi."

"Kama kwenu mna msitu mzima, unaning'ang'ania huu mmoja wa nini?"

Mwanamume aligusa jani moja. "Nimekumbuka nyumbani," alisema. "Basi."

Muuza miche, ambaye njaa ilikuwa inamuuma, akaingilia kati. "Kaka, chumba chako kina dirisha?"

"Kina mlango."

"Tumemaliza. Dada, chukua mche wako."

Rediet alilikumbatia kopo. Alikuwa ameshaanza kuondoka aliposikia nyuma yake, "Naomba namba yako."

"Ya nini?"

"Nimjulie hali mtoto."

Akampa. Alijiambia ni kwa ajili ya mche.

Mwanamume huyo aliitwa Habtamu, fundi wa lifti, na alipiga simu jioni ileile.

"Halo. Mtoto amelala?"

"Amelala, na mama yake amechoka. Unasemaje?"

"Umemweka wapi?"

"Dirishani, ila nimeshusha pazia jepesi. Umefurahi?"

"Sana. Sasa chomeka kidole kwenye udongo."

"Saa hizi? Ninapaka kucha rangi!"

"Chomeka kidole ambacho hujapaka. Pamekauka?"

"Pana unyevunyevu."

"Basi usimpe maji mpaka pakauke juu. Na ukimpa, umpe ya mvua. Ya bomba yana chokaa. Halafu usiku msogeze mbali na kioo, baridi ya Addis haimfai."

"Habtamu, wewe ni fundi wa lifti au mkunga?"

Alicheka kicheko kirefu, na Rediet akashangaa kujikuta ameketi na simu sikioni, kucha nusu zina rangi, nusu hazina.

Wiki iliyofuata alikuja kuukagua mche. Jengo la Rediet ni mojawapo ya yale ya ghorofa yasiyo na lifti, na yeye anakaa ya nne. Habtamu alifika mlangoni anahema, shati jeupe limemganda mgongoni.

"Fundi wa lifti anapanda ngazi!" Rediet alimcheka. "Hata haya huoni?"

"Ukinipa maji nitaona haya baadaye."

Alikunywa, akaomba kitambaa kibichi, akachuchumaa mbele ya mche. Aliyafuta majani moja moja, akiwa amelishika kila jani kwa kiganja kutoka chini ili lisivunjike. Alisema vumbi la mjini linayaziba na hayawezi kupumua. Rediet alivitazama vile viganja, na hapo akaacha kujidanganya kuhusu zile kope.

Mapenzi yao hayakuwa na mizunguko. Mche ulipozidi kopo, Habtamu alinunua chungu cha udongo chenye tundu chini, wakauhamisha pamoja juu ya gazeti, wakichafuana pua kwa makusudi. Jumapili walikwenda kutembea mlimani Entoto, Rediet akiwa na mtandio mwepesi kichwani, wakarudi na matawi ya mikaratusi kwa ajili ya harufu. Hapo ndipo Habtamu alipomwambia, "Redi, mama yangu anakuja kupasuliwa mtoto wa jicho. Akishapona, natuma wazee kwa baba yako."

"Baba atawarudisha."

"Kwa nini?"

"Anamrudisha kila mtu mara ya kwanza. Hiyo ndiyo desturi yake."

"Basi watarudi tena. Wazee wangu wana miguu."

Mama Adanech alifika kutoka Bonga akiwa na mfuko wa kahawa, kopo la siagi na jicho moja lisiloona. Chumba cha Habtamu kilikuwa kimepakana na baa. Rediet alikuwa anaondoka kwenda Hawassa kwenye maonyesho ya nguo, kwa hiyo akatoa ufunguo wake mwenyewe. "Mama akae kwangu. Wewe Habte, kazi yako ni mche tu."

"Nitautunza kama macho yangu."

Rediet alirudi na mabegi mawili matupu na furaha tele, kwa kuwa magauni yote yalikuwa yameisha. Mama Adanech alikuwa ameshahamia kwa shangazi yake Habtamu, kitambaa jichoni. Nyumba ilikuwa imefagiliwa vizuri. Lakini mche! Majani yalikuwa yameungua kingoni, ya kahawia na makavu, na mengine yalikuwa yamelala sakafuni. Habtamu alisimama kando yake, mikono mfukoni.

"Umeufanya nini?"

"Nilisahau kuumwagilia."

Rediet alichomeka kidole kwenye udongo. Ulikuwa umelowa.

"Habte, huu udongo una maji."

"Nimeumwagilia leo."

"Mpaka chini kabisa? Unadhani mimi mtoto? Niambie ukweli."

Habtamu alitazama sakafu. "Nilisahau, Redi. Ndivyo ilivyokuwa. Nisamehe."

Laiti angekasirika, angejitetea, Rediet angeelewa. Lakini mtu kusimama mbele yako na uongo ambao kidole chako mwenyewe kinaukataa, hilo lilimuuma kuliko mche wenyewe. Kama ananidanganya kuhusu maji, alijiuliza, kesho atanidanganya kuhusu nini?

"Mtu asiyeweza kutunza chungu kimoja hawezi kutunza nyumba," alisema. "Wazee wako wasihangaike kuja."

"Redi."

"Acha ufunguo mezani."

Aliuacha. Viatu vyake vilisikika vikishuka ngazi zote, polepole, na hakurudi nyuma.

Siku zilizofuata Rediet alishona vibaya. Alifumua mshono wa bibi harusi mmoja, akaushona upya, akaufumua tena. Simu ya Habtamu haikuja, naye hakupiga. Mche uliendelea kudondosha majani, na alipoyaokota hakujua anaulilia mche au anamlilia mtu.

Jumamosi asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa Mama Adanech, amevaa gauni jeupe lililopigwa pasi, mtandio mabegani, jicho limefunguliwa kitambaa, na kapu mkononi.

"Binti yangu, kesho narudi Bonga. Siwezi kuondoka bila kukunywesha kahawa."

Ilikuwa wazi hakujua lolote. Rediet alimkaribisha. Angefanya nini? Mama Adanech alitandaza majani mabichi sakafuni, akawasha ubani, akaosha kahawa, akaikaanga mpaka moshi ukajaa sebuleni, kisha akaitwanga na kuipika kwenye birika jeusi la udongo. Alipomimina, alitia siagi kidogo kwenye finjani zote mbili. Kisha akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akafungua, akatia chumvi. Si ya kuonjesha. Aliitia hasa.

"Kwetu hatujui sukari," alisema. "Sukari ni ya watoto."

Rediet alikunywa, akakaza uso. Wakanywa duru ya kwanza na ya pili, wakitafuna bisi. Ya tatu, ile ya baraka, ilipokwisha, Mama Adanech aliinuka na birika. Lilikuwa bado na kahawa na mashapo chini. Akaenda dirishani kwenye mche.

"Mungu aijaze nyumba hii," alisema, akaanza kuinamisha birika. "Mwenye nyumba azae, asipungukiwe."

"Mama, ngoja!"

Mama Adanech alisita. Rediet alikuwa ameshasimama. Akisema, atakuwa ameikataa baraka ya mama wa mwanamume anayempenda. Akinyamaza, mche unakufa, na Habtamu anabaki mwongo milele.

"Mama, ulikuwa unaumwagia hivi kila siku?"

"Kila nilipokunywa. Nyumbani tunaumwagia mbuni ulio mlangoni. Bibi yangu alifanya hivyo, mama yangu pia." Akauinamia mche, na safari hii macho yote mawili yalikuwa yanaona. "Kha! Huyu kapatwa na nini?"

"Chumvi, Mama."

Ilibidi aiseme hivyo hivyo, wazi. Mama Adanech aliliweka birika chini taratibu. Alichukua kipande cha udongo, akakigusisha kwenye ulimi, akatema.

"Kwetu ardhi ni kubwa," alisema. "Mvua inanyesha, inaosha kila kitu. Sikufikiria kwamba huyu amefungwa kwenye chungu." Kisha akageuka. "Mwanangu alikuja hapa kila jioni. Hakuona?"

"Aliona. Aliniambia alisahau kuumwagilia."

"Kwa nini aseme hivyo?"

"Hakutaka kukuvunja moyo."

"Akaona bora auvunje wako?" Mama Adanech alipiga makofi ya mshangao. "Huyo sikumlea hivyo. Na wewe ulimwambiaje?"

Rediet alimwambia neno kwa neno, mpaka lile la ufunguo mezani.

"Ndiyo maana anakula kama ndege, ananiambia eti kazi nyingi. Mjinga yeye na wewe nusu." Akakunja mikono ya gauni. "Beba chungu. Nionyeshe bafu."

Walikiweka chini ya bomba, wakaacha maji yapite juu yatokee chini, tena na tena, mpaka yakatoka safi. Maji ya chokaa, ndiyo, lakini chokaa ingesubiri. Rediet hakungoja chungu kichuruzike. Alipiga simu ya Habtamu. Haikupokelewa. Akapiga tena.

"Yuko kwenye jengo jipya la Arat Kilo," Mama Adanech alisema. "Ndani ya lile shimo lake. Simu haisikiki humo. Una miguu?"

Rediet alikwenda na gauni lake jeupe lililolowa mapajani. Mlinzi alimwonyesha mlango wa lifti uliokuwa wazi ghorofa ya pili, na ndani yake giza, nyaya, na taa ndogo. Habtamu alikuwa amesimama juu ya kibanda cha lifti, kiuno chake kikiwa usawa wa sakafu, kamba ya usalama imemzunguka.

"Habte."

Spana ilimponyoka, ikagonga chuma. Mwenzake aliyekuwa pembeni alikohoa, akakaa vizuri asikie.

"Nimekunywa kahawa ya mama yako," Rediet alisema.

Habtamu alifumba macho. "Umemwambia?"

"Nimemwambia. Hajafa. Anasema wewe ni mjinga."

"Alikuwa anakuombea baraka, Redi. Ningemwambiaje kwamba baraka yake inaua?"

"Kama nilivyomwambia mimi, kwa mdomo. Ulinidanganya nikiwa na kidole kwenye udongo, Habte! Mimi si yai, sivunjiki. Jambo likiwa chungu, niletee hivyo hivyo."

"Nitakuletea. Siwezi tena kukaa na uongo, umenitoa hamu hata ya chakula."

"Na mimi nilikutukana. Nyumba hukuwahi kushindwa kuitunza, sijakupa hata nafasi ya kujaribu. Nisamehe."

"Redi wangu, mimi nilishakusamehe nikiwa ngazini."

"Ngazini ulipaswa kurudi juu!"

"Ghorofa nne, bila lifti?"

Mwenzake akacheka kwa sauti. Rediet hakucheka. Alikuwa ameshatoa simu.

"Wazee wako uliwaambiaje?"

"Niliwaambia wasubiri."

"Wamesubiri vya kutosha. Mama yako anaondoka kesho, hataondoka bila jibu." Akaweka simu sikioni. "Halo, Baba? Uko kwenye kitanda cha kufumia? Acha kidogo. Leo jioni kuna wazee wanakuja. Ndiyo, wa yule wa lifti. Najua desturi yako, Baba. Warudishe, lakini uwarudishe mpaka mlangoni tu, kisha uwaite tena."

Upande wa pili mzee mfumaji alinung'unika kwa muda, halafu akauliza kama wanakunywa kahawa au chai. Rediet akamwambia kahawa, na akakata simu.

Habtamu alishika ukingo wa sakafu kwa viganja vyake vyenye grisi, akajivuta juu, akafungua kamba kiunoni. Mkono mmoja ulimshika Rediet, pamoja na grisi yake, kwenye mkono wa lile gauni jeupe. Kwa mwingine alikuwa tayari anabonyeza simu.

"Mjomba? Vaa shuka lako jeupe, lile zito. Hapana, hajafa mtu. Mchukue na jirani yako, mshike fimbo zenu, mje sasa hivi. Ndiyo, sasa hivi. Mwenyewe amesimama hapa mbele yangu."