Aliyeitwa na Wasomaji

Mimi si mtu wa kutishwa na hadithi. Nimezaliwa Wingwi, ya Wingwi nimeyaona, na ukinisimulia majini nitakuuliza kama ushakula. Lakini hili la dada yangu Mize lilinitia kinyaa kisichonitoka. Mayai siyagusi mpaka leo, na ukiyakaanga mbele yangu nitaondoka nyumbani kwako bila kukuaga.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Mabango ya uchaguzi yalikuwa bado yananing'inia Chake Chake, watu washachoka kununiana kwa ajili ya vyama, na mimi nimekaa barazani kwangu Madungu nachambua mchele. Akaja Jabir, mtoto wa dada yangu Mize, mwalimu wa skuli, simu mkononi, meno yote nje.

"Mama mdogo, kitabu kimetimia. Ijumaa nakipandisha mtandaoni."

Nilimfurahia, sitasema uongo. Wachapishaji wa Dar walimchezesha sana, huyu anamwambia ngoja, yule hajibu kabisa. Basi kajifundisha mwenyewe kwa video za simu: kupanga kurasa, kutengeneza jalada, kukitia kitabu katika duka la mtandaoni, msomaji wa popote akakivuta na kukisoma kwenye simu yake. Binti yangu Widad, aliyeolewa Muscat, alishamwahidi kuwa msomaji wake wa kwanza.

Akaanza kunisomea. Hadithi ya kutisha, mwanamke wa shamba na pepo wake. Nikaguna, nikacheka, nikaendelea na mchele wangu. Halafu akafika kwenye wimbo, na mikono yangu ikasimama.

Hapa lazima nieleze. Dada yangu Mize ana pepo tangu usichana wake. Sisi tunasema yeye ni kiti, yaani pepo humkalia kichwani. Pepo huyo alishatulizwa kwa makubaliano. Kila mwaka fundi wa pepo hufukiza ubani, akaandaa chano, sinia la mayai na asali na ndizi, kisha ndipo amwite kwa wimbo wake na kwa jina lake. Jina hilo halitajwi pasipo chano. Hata binadamu ukimwita nyumbani kwako ukamwacha na njaa atakutukana. Jabir utotoni ndiye aliyekuwa akishika chetezo cha kufukizia ubani, akayasikia yote. Sasa kauandika wimbo mzima, kaliandika jina kamili, na chini yake kaweka: Msomaji, soma kwa sauti.

"Utoe ukurasa huo," nilimwambia.

"Mama mdogo, hapo ndipo penye utamu. Wasomaji wa siku hizi wanataka kitu cha kweli."

"Huyo ni mamako, Jabir."

"Jina la mama sikulitaja."

La mama hakulitaja! La pepo kalitaja. Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio la mwandishi mwenye jalada jipya ndilo kabisa.

Ijumaa kitabu kikapanda. Jumamosi mchana nilikuwa Wingwi kwa dada yangu, tunamenya muhogo, tunawasengenya mawifi. Kisu kikamponyoka. Akainuka, akaingia bandani, akamsukuma kuku aliyekuwa ameatamia, akachukua yai akalitia mdomoni zima, na ganda lake. Mayai yale yalikuwa yamekaribia kuanguliwa. Nilisikia vifupa vikivunjika. Ute ukamchuruzika kidevuni, na ndani ya ute mna vinyoya. Akachukua jingine.

Nikatapika pale pale mlangoni mwa banda.

"Nani kaniita?" aliuliza. Sauti haikuwa ya Mize. Ilikuwa ya chini, ya kunong'ona. "Wananiita wengi. Hawanilishi."

Nikampigia Jabir, akaja mbio. Simu yake alikuwa kaitega ilie kila msomaji mpya anapokivuta kitabu. Ikalia. Hatujamaliza hata kusalimiana vizuri, Mize akashikwa. Akatulia, tukampa maji. Ikalia tena. Akashikwa tena. Jabir akaitazama simu, akamtazama mamake, akaitazama simu. Alijua. Wallahi alijua tangu siku ile.

Na dada yangu alikula nini siku zile? Matumbo ya samaki yaliyotupwa jaani, yenye funza. Ngozi ya mbuzi aliyokuwa kaianika jirani, na manyoya yake. Akizinduka analia, anajisugua ulimi kwa kanga mpaka unatoka damu. "Siti," ananiambia, "mimi nanuka." Kweli alinuka. Nilikaa naye kwa sababu ni tumbo moja, lakini nilikuwa napumulia mdomo. Alikonda akawa mifupa mitupu. Ilikuwa wazi kwamba kwa mwendo ule tungemzika.

"Kifute," nilimwambia Jabir.

"Leo kimesomwa Mombasa," alininong'oneza. "Wananipa nyota tano, mama mdogo. Ngoja kidogo tu."

Nilimtemea mate ya uso. Siyajutii mate yale.

Alikifuta siku mamake alipomwita kwa upole, "Njoo mwanangu," naye akaenda akampigia magoti, na Mize akamtapikia viganjani. Ulikuwa ute wa kijani, na ndani yake miguu ya kifaranga. Mguu mmoja ulikuwa bado unakunja vidole. Hapo ndipo yule bwana nyota tano akajua kupiga ukelele.

Akakiondoa dukani. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kitabu cha karatasi ungepita mlango kwa mlango, ukakikusanya ukakitia moto. Hiki kilikuwa kimo simuni mwa watu, na watu washakirusha kwenye makundi yao, kundi hili linalirushia lile. Unajua Jabir alifanya nini? Akawaandikia wasomaji wote: Tafadhali, msiusome wimbo ule kwa sauti, mama yangu anaumwa. Subhanallah! Mwambie mtu usifungue chungu uone kama hatafungua. Waliokuwa hawana habari nacho wakakitafuta. Kitabu kilichofutwa! Kikaenda Tanga, kikaenda Dubai, kikaenda kusikojulikana.

Tukamleta fundi Ngwali kutoka Msuka. Ilikuwa asubuhi, jua limeshawaka. Tulimkalisha Mize mkekani, tukamfunika shuka nyeupe. Chano kikawekwa, kimejaa. Ubani ukafuka. Ngwali akaimba wimbo, akalitaja jina.

Kimya.

Akaimba tena. Mize hakutikisika. Nzi walitua kwenye asali. Ngwali akainama, akalinusa paji la uso la dada yangu, akakaa chini polepole.

"Hayupo," alinong'ona.

"Kaenda wapi?"

"Alikuwa na kiti kimoja. Sasa kapewa viti vingi, arudi hapa kufanya nini?"

Akakusanya vitu vyake. Chakula tulichompikia hakukigusa, na Jabir alipompa mkono hakuupokea. Akaondoka.

Mize akafunua shuka, akaomba chai. Akanywa, akaomba nyingine. Nikalia kwa furaha, dada yangu nimerudishiwa, anajua jina langu, ananuka sabuni. Jabir naye akalia. Jioni ile ile nikamkuta anaandika sehemu ya pili.

Mchana mmoja tumekaa Madungu, mimi na Mize, Widad akapiga simu ya video kutoka Muscat. Mzuri, kavaa dera la maua, anacheka. Akaniuliza hali, akaniambia joto limezidi, akasema kitabu cha kaka Jabir kawasomea shoga zake wote, na ule wimbo wameuimba pamoja. Kila akimaliza sentensi taya zake zinaendelea.

"Widad, watafuna nini?"

"Sili kitu, mama."

Na anatafuna.

"Fungua mdomo nikuone."

"Mama nawe! Sili kitu." Akacheka. Kitu kikamvunjikia menoni, nikakisikia.

Mize akaichukua simu mkononi mwangu. Akailaza kifudifudi mkekani, akaifunika kwa kanga yake, akaikandamiza kwa viganja viwili. Chini ya kanga tulisikia kutafuna. Kulikwenda, kulikwenda. Kukakoma.

Nilipoigeuza simu, kioo kilikuwa kimetapakaa kiini cha yai, kizito, na kipande cha ganda kimenasia. Nimekifuta kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu, na bado kinanuka uvundo. Mumewe Widad nampigia kila siku. Ananijibu kuwa mkewe mzima, ila siku hizi anakula peke yake, mlango kaufunga.

Jabir alikuja jioni nikamweleza yote. Alisikiliza kwa adabu, kichwa kakiinamisha. Halafu akaichukua simu yangu, akainusa, akaipiga picha.

"Mama mdogo," aliniuliza kwa sauti ya chini, "alipokuwa anatafuna, ulisikia kama mlio gani?"