Cherehani Hakiuzwi

Kila asubuhi fundi alifuta vumbi kwenye cherehani chake, akakitia mafuta, kisha akakifunika. Tangu mkono wake wa kulia ukatwe juu ya kiwiko, hakuwa ameshona hata kifungo.

Alikuwa na mkono wa bandia wa betri. Lakini akitaka kushika kitambaa, kiwiko cha bandia kilijikunja. Akitaka kuachia, vidole viling'ang'ania.

"Mkaidi kama mwenyewe!" wifi yake alitania. "Tukiuze cherehani, wifi. Kitaota kutu."

"Kaote kutu wewe! Hakiuzwi."

Jioni moja alikuja jirani yao, anayefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini. Alimkuta fundi amefumba macho, jasho linamtoka.

"Anautuma mkono ambao haupo," wifi alilalamika. "Atapata wazimu. Mwambie aache!"

"Asiache," jirani alisema. "Neva, yaani mishipa ya fahamu, zilizokuwa zikienda kiganjani bado zinatuma habari, ila hakuna wa kuzipokea. Daktari wa upasuaji anaweza kuzihamishia kwenye misuli ya juu ya mkono, iliyobaki bila kazi kubwa. Zikishika, ukiwaza kufumba kiganja, msuli utashtuka. Mkono wa bandia utapokea habari hiyo, nao utafumba."

"Kumbe ni kuhamisha uzi!"

"Hasa. Ila si kila mtu anafaa. Upimwe kwanza. Na neva huota polepole, miezi mingi."

"Na zisiposhika?" wifi aliuliza. "Akatwe tena bure?"

"Mara ya kwanza nilikatwa bila kupenda," fundi alijibu. "Safari hii napenda mwenyewe."

Alipimwa, akaonekana anafaa, akapasuliwa. Kidonda kilipona. Msuli ukanyamaza.

"Fumba! Fumbua!" fundi aliuamrisha kila siku, hata mbele ya wageni. Wifi aliona haya. Fundi hakuona.

Siku moja wifi alikuwa akimvalisha blauzi. Akaruka. "Wee! Kuna kitu kimecheza hapa!"

"Nilikuwa nafumba," fundi alisema, machozi yakimlenga.

Mtengenezaji wa mikono ya bandia aliurekebisha mkono ule usikilize misuli hiyo. Fundi akarudi kwenye mazoezi, akakosea, akarudia.

Kisha akafunua cherehani. "Lete gauni lako lililochanika."

Wifi alileta. Mkono wa bandia ulishika kitambaa, wa kushoto ukakiongoza chini ya sindano.

"Mshono umepinda, fundi."

"Nimeona. Nitaufumua."

Akawaza kuachia. Vidole vikaachia.