Sauti Ndani ya Kihenge

Kila alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, Redempta aliegemeza ncha moja ya mchi kwenye ukuta wa kihenge, na ncha ya pili akaiweka sikioni. Ndivyo Bibi Justa alivyofanya miaka yote, kwa sababu mti mkavu huleta sauti ndogo ambazo hewa huzimeza njiani. Sasa masikio ya Bibi yalikuwa yamechoka, na kazi hiyo ilikuwa ya mjukuu wake wa miaka kumi na miwili.

Redempta aliipenda. Baridi ya Ufipa ilimuuma miguu, upepo ulipita juu ya majani makavu kuelekea Matai, naye alifumba macho na kuhisi kama anaelea. Mara nyingine alisahau kabisa kilichomleta pale. Kaka yake Gaudensi alisema kwamba dada yake anaweza kulala amesimama kama punda.

Lakini kazi yenyewe haikuwa ndoto. Ndani ya kihenge kile kulikuwa na mahindi ya mwaka mzima, bado yako kwenye magunzi. Baada ya mavuno Baba alikuwa amekiziba kwa udongo na samadi, kisifunguliwe mpaka Januari. Kama dumuzi angeingia, mdudu mweusi mdogo kuliko punje ya mchele, angetafuna kimyakimya miezi yote hiyo na kuwaachia unga usiolika.

Mwezi wa nane Redempta alikuwa amekuja mbio akisema amewasikia dumuzi. Baba, mzee Isdori, alibomoa udongo, wakatoa mahindi yote, wakayakagua gunzi kwa gunzi. Hapakuwa na hata tundu moja. Kumbe ni kuku aliyesahauliwa nje usiku, akiparua chini ya kihenge. Kurudisha mahindi na kuziba upya kuliwachukua siku mbili, na tangu hapo Gaudensi alimwita Redio. Shuleni nako jina likashika. Redempta alicheka pamoja nao, ila lilimuuma sana.

Kwa hiyo Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, aliposikia krr, halafu kimya, halafu krr nyingine ndogo kabisa, moyo wake ulishtuka.

"Kinasemaje leo?" Bibi aliuliza kutoka mlangoni.

"Kimya, Bibi."

Jumanne alijibu hivyo hivyo, na Jumatano pia. Usiku aliota mahindi yakigeuka vumbi na kupeperuka juu ya mji.

Alhamisi alikuja shuleni kwao mtafiti aliyeitwa Cornelia. Nyuma ya darasa la saba alikuwa amefukia kifaa cha kupima mitetemo ya ardhi, naye huja kila mwezi kukikagua. Aliwaonyesha wanafunzi mstari uliochorwa na kifaa. Mawimbi makubwa, alisema, ni lori na ng'ombe waliopita. Kisha akaweka kidole kwenye kimkunjo kidogo ambacho hakuna aliyekuwa amekiona.

"Hili ni tetemeko dogo. Lilitokea chini sana, upande wa Ziwa Rukwa."

Redempta alinyoosha mkono. "Shikamoo, madamu. Umejuaje kama si ng'ombe?"

"Marahaba. Kwa alama hiyo peke yake nisingejua," Cornelia alijibu. "Kwanza naangalia nini kingine kilikuwa kinapita hapa saa ile. Halafu naangalia kifaa chetu cha Namanyere, kama nacho kilisikia. Halafu natafuta alama ya aina nyingine. Hata mkunga anayesikiliza moyo wa mtoto tumboni hufanya hivyo. Hata wataalamu wanaosikiliza nyota kwa mitambo. Sauti ndogo usiiamini haraka, wala usiitupe haraka."

Siku ile Redempta alirudi nyumbani polepole, akiyarudia maneno hayo njia nzima.

Ijumaa alfajiri alihakikisha kwanza kwamba kuku wote wamefungiwa jikoni. Akasikiliza kihenge cha mahindi. Krr. Akaenda kwenye kihenge cha ulezi, kwa maana dumuzi hana habari na ulezi. Huko palikuwa kimya. Kama ile sauti ingekuwa mapigo ya damu masikioni mwake mwenyewe, angeisikia huko pia. Akarudi, akazunguka kihenge cha mahindi hatua kwa hatua, na sauti ikasikika pembe ya mashariki tu. Chini ya pembe hiyo akatandika kaniki kuukuu ya Bibi, akaenda shule.

Alasiri, juu ya kitambaa cheusi, kulikuwa na unga mweupe, kiasi cha kufunika ukucha.

Alimpelekea baba yake kitambaa.

"Redempta," Baba alisema kwa uchovu, "tulishabomoa mara moja."

"Najua, Baba. Lakini sauti hii niliisikia tangu Jumatatu. Bibi aliponiuliza nikasema kimya. Nilidanganya, niliogopa kuchekwa."

Gaudensi aliangalia pembeni. Bibi Justa alichukua ule unga, akausugua kati ya vidole, akamtazama mwanawe. Baba alichukua jembe.

Mahindi ya pembe ya mashariki yalikuwa yamegeuka vumbi, madebe mawili mazima. Mengine yote yalikuwa mazima. Waliyapukuchua siku tatu mfululizo, wakapepeta, wakaanika, wakachanganya na dawa ya kuhifadhia nafaka, na Gaudensi alifanya kazi kuliko wote bila kuambiwa.

"Mdharau mwiba mguu huota tende," Baba alisema akifuta jasho. "Tungengoja Januari, tungekula magunzi."

Bibi alimvuta Redempta karibu. "Mwezi wa nane ulikosea, mjukuu wangu, na hilo halikuwa kosa la kuonea haya. Hata mimi nilishabomoa kihenge kwa ajili ya panya. Kosa lako ni zile siku nne za kunyamaza. Si kwamba dumuzi alikula kwa sababu hukusikia. Alikula kwa sababu ulisikia ukaficha. Ukisikia, sema ulichosikia. Usipokuwa na hakika, sema huna hakika, tutafute pamoja."

Alfajiri iliyofuata siku kihenge kilipozibwa tena, Redempta alisimama na mchi wake katika baridi. Gaudensi alitoka akipiga miayo.

"Redio, kuna habari gani leo?"

Redempta alifumba macho. Kulikuwa na kitu, au labda ni upepo.

"Sijui bado," alisema. "Kahakikishe kwanza kuku wote wamefungiwa, halafu uje tusikilize wote."

Gaudensi akaenda kuhesabu kuku.