Chupa ya Maji ya Tutani

Kila siku saa kumi, wenzangu wakikimbilia bwawani kuogelea, mimi nilitumwa nyuma ya tuta linalozuia maji ya bwawa, na chupa tupu. Shangazi, mlinzi wa bwawa, alinipa kazi hiyo tangu goti lilipoanza kumsumbua. Nilikinga maji yanayochuruzika chini ya tuta, nikampelekea ofisini, naye akayatazama dirishani na kuandika daftarini: "Safi." Kila siku safi! Nilichoka kabisa.

"Shangazi, mashindano ya kuogelea ni Jumamosi. Nitafanya mazoezi lini?"

"Ukimaliza, Bata wangu. Tuta hili ni udongo mtupu, mababu walilijenga kwa majembe na karai. Likivuja maji safi, si neno. Likivuja tope, ujue linaliwa ndani kwa ndani."

Hotuba hiyo nilikwisha kuikariri. Jumatatu nikajaza chupa bombani, nikajitosa majini. Jumanne vilevile, na Jumatano. Shangazi aliandika "Safi" bila kuuliza, nami nilishindwa kumtazama usoni.

Alhamisi bomba halikutoa hata tone. Nikashuka nyuma ya tuta nimenuna. Maji niliyokinga yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nilitamani kuivunja ile chupa. Kwa nini leo? Nikisema, mashindano hayapo na uongo wangu unafichuka. Lakini ng'ambo ya tuta nilisikia wenzangu wakicheka majini. Nikakimbia.

"Shangazi, yamechafuka! Na zile chupa tatu... nilijaza bombani."

Hakunigombeza. Alizikata "Safi" tatu kwa mstari wa rula, akapuliza filimbi watu watoke majini, akawapigia simu mafundi. Walipunguza maji ya bwawa, wakajaza mchanga na kokoto pale palipovuja.

Jumamosi sikuogelea. Hakuna aliyeogelea. Nilikaa ofisini nikilia kwa hasira.

"Fundi anasema tungejua Jumatatu, ingekuwa kazi ya siku moja," Shangazi aliniambia. "Leo mngeshindana."

Kumbe mashindano niliyaharibu mwenyewe.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, mwanangu. Na ufa hauzibwi kwa uongo. Ila ungenyamaza Alhamisi, leo tungekuwa tunatafuta maiti. Kwa hilo nakushukuru." Akanipa chupa tupu. "Haya, saa kumi hiyo."

Niliporudi, nikainua chupa dirishani, nikatazama sana: tope lilikuwa limepungua, ila halijaisha. Shangazi akanisogezea daftari na kalamu. Nikaandika: "Bado kidogo."